Sikukuu Zilizopangwa na Mvua

Kila unapokaribia mwezi wa Oktoba, jirani zetu hutuuliza swali lile lile: je, mwaka huu Diwali itakuwa lini? Swali hilo ni la haki. Mwaka mmoja taa huwashwa katikati ya Oktoba, mwaka mwingine huwashwa Novemba ikiwa imekwisha kuingia, wala hapana awezaye kuitaja tarehe bila ya kuifungua kalenda. Jirani zetu Waislamu, waliozoea mwaka wa mwezi mwandamo, wameona na jambo jingine. Idi huyazunguka majira yote, ikaangukia masika, na baada ya miaka kadhaa ikaangukia kiangazi. Diwali husogea mbele na nyuma, lakini haitoki nje ya majira yake. Katika kitabu hiki cha kumbukumbu tumeona vema tulijibu swali hilo kwa urefu, maana ndani ya jibu lake imo historia ya sikukuu nyingi za Bara Hindi, na imo pia sehemu ya historia yetu sisi tuliokuja kukaa upande huu wa bahari.

Miezi kumi na miwili ya mwandamo ina siku 354, yaani pungufu ya mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Wataalamu wa falaki wa India hawakukubali upungufu huo ujilimbikize. Kila baada ya miezi 32 au 33 huongezwa mwezi mmoja mzima, uitwao adhik maas, na kwa njia hiyo miezi hurudishwa mahali pake. Kwa nini taabu yote hiyo? Kwa sababu mkulima alitaka mwezi wa Ashadh uje na mvua, na mwezi wa Kartik uje na mavuno. Mwezi uliopotezana na mvua yake haukumfaa kitu.

Mvua hiyo huletwa na upepo ambao kila mtu wa pwani yetu anaufahamu. Upepo wa kusi uvumao Afrika ya Mashariki huvuka ikweta, hupinda juu ya Bahari ya Uarabuni, na huifikia India umebeba maji mengi. Kwa kawaida huingia Kerala karibu na tarehe 1 Juni, hupanda kaskazini, na katika Julai huwa umeenea takriban nchi nzima. Mwezi wa Septemba huanza kuondoka, na Rajasthan ndiyo hutangulia kuachwa. Hata neno letu msimu lina undugu huo: ni mausim ya Kiarabu, ambayo katika Kihindi ikawa mausam.

Lakini upepo huo haugawi sawasawa. Assam hupata mvua kupita kiasi, na Kutch, walikotoka wengi wa wazee wetu, hupata kidogo, na miaka mingine haipati kabisa. Tamil Nadu husubiri mpaka Oktoba, upepo ugeuke na kutoka kaskazini-mashariki, ndipo inyeshewe mvua yake kubwa. Ukilielewa hilo umeelewa kwa nini sikukuu za nchi hiyo hazifanani. Kila watu waliiweka karamu yao pale njaa yao ilipokoma.

Serikali ya India huru iliwahi kujaribu kuuweka utaratibu katika jambo hili. Mwaka 1952 iliundwa kamati ya kurekebisha kalenda chini ya mwanafizikia Meghnad Saha, nayo ilikuta kalenda zipatazo 30 zikitumika nchini kwa wakati mmoja. Kamati ikatengeneza kalenda moja ya taifa, ikaanza kutumika tarehe 22 Machi 1957. Ofisi za serikali huiandika hadi leo, lakini mahekalu na vijiji viliendelea na kalenda zao kama kwamba hapakutokea lolote, wala sisi hatuwalaumu. Mtu hawezi kuvuna kwa kalenda ya jirani.

Tuitazame kwanza Makar Sankranti, kwa kuwa husherehekewa na watu wengi kwa pamoja na kwa namna zilizo mbali mbali. Hii hufuata jua, kwa hiyo tarehe yake karibu haibadiliki: ni 14 Januari, au mara nyingine 15. Tunasema karibu, kwa sababu mwaka wa nyota unaotumiwa kuihesabu ni mrefu kuliko mwaka wa majira kwa dakika 20 hivi, na dakika hizo zikijumlishwa huwa siku moja katika kila miaka 70 au zaidi kidogo. Swami Vivekananda alizaliwa Kalkata siku ya Makar Sankranti mwaka 1863, na siku hiyo ilikuwa 12 Januari. Wagujarati huiita Uttarayan, yaani safari ya jua kwenda kaskazini, ilhali jua lenyewe huianza safari hiyo mwezi wa Desemba. Sikukuu imebaki nyuma ya jua kwa wiki tatu na zaidi, na kadiri tujuavyo hakuna mpeperusha kishada aliyewahi kulalamika.

Watamil huiita Pongal, neno lenye maana ya kuchemka hata kufurika. Mpunga uliolelewa na mvua za Oktoba hadi Desemba huwa umekomaa, na mchele mpya huchemshwa uani pamoja na maziwa na sukari guru, mbele ya jua, mpaka povu limwagike ukingoni mwa chungu. Hapo nyumba nzima hupiga kelele za furaha. Kesho yake ni zamu ya ng'ombe. Huogeshwa, hupakwa rangi pembeni, huvishwa shada, na hulishwa kile kile walichokula wenyewe. Huko Maharashtra watu hupeana ufuta uliokandwa na sukari guru na kuombana maneno matamu kwa mwaka mzima, jambo ambalo ndugu waliogombana hulitumia kupatana bila ya kulazimika kutaja ugomvi. Wapunjabi huwasha moto usiku wa kuamkia siku hiyo. Nao Wagujarati hupanda juu ya mapaa na vishada vyao tangu alfajiri, na mji wa Ahmedabad husimama kwa siku mbili. Tuseme na lililo baya: uzi wa vishada hupakwa unga wa chupa ili ukate nyuzi za wengine, na kila mwaka hukata pia mabawa ya ndege na shingo za wapanda pikipiki. Hatuoni sababu ya kuusifu uzi huo kwa kuwa tu ni wa jadi.

Assam ina Bihu tatu, na inatupasa kukaa kidogo hapo, kwa kuwa ya pili yake hatujaona mfano wake kwingine. Bihu ya Aprili ni ya mwaka mpya, ya ngoma na ya ujana. Siku yake ya kwanza ng'ombe hupelekwa mtoni kuogeshwa. Bihu ya Januari ni ya baada ya mavuno, na vijana hujenga vibanda vya nyasi na mianzi, hula humo usiku kucha, na alfajiri huvichoma moto. Hizo mbili mgeni yeyote angezielewa. Lakini katikati ya Oktoba ipo Kati Bihu, ambayo huitwa pia Kongali, yaani ya ufukara. Wakati huo ghala zimekwisha, na mpunga shambani bado ni kijani. Hakuna karamu, kwa maana hakuna cha kuandalia karamu. Familia huwasha taa ndogo chini ya mmea wa tulsi uani, nyingine ghalani mlimo tupu, na nyingine huinuliwa shambani juu ya mwanzi ili mpunga upewe ulinzi hadi uive. Watu hao walikubali kwamba hata mwezi wa njaa una haki ya kuwa na siku yake. Tumezisoma sifa nyingi za sikukuu za India katika vitabu vya watalii, na mara nyingi ile taa ya shambani haimo.

Baisakhi ya Punjab tutaipitia kwa haraka, si kwa kuidharau, bali kwa kuwa ndugu zetu Masingasinga wanaweza kuieleza vizuri kuliko sisi. Ni sikukuu ya mavuno ya ngano katika Aprili. Ndiyo siku ambayo Guru Gobind Singh aliiasisi Khalsa mwaka 1699 huko Anandpur. Na ndiyo siku ambayo watu waliokusanyika katika bustani ya Jallianwala Bagh, Amritsar, walipigwa risasi na askari waliokuwa chini ya amri ya Waingereza mwaka 1919. Wengi wa wafanyakazi wapatao 32,000 walioletwa kwa mkataba kujenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901 walitoka Punjab, na ngano waliyoiacha nyuma ilivunwa na wengine.

Kusini kabisa, Kerala ina Onam, ambayo huangukia Agosti au Septemba. Kabla yake hupita mwezi wa Karkidakam, mwezi wa mvua zisizokatika, ambao zamani ulikuwa wa njaa na maradhi. Mvua ikipungua na maua yakichanua, watu hupamba nyua zao kwa duara za maua, huandaa vyakula vingi juu ya jani la mgomba, na hushindana kwa mashua ndefu zenye wapiga kasia mia moja na kitu. Kisa chake ni cha mfalme Mahabali, ambaye enzi yake ilikuwa ya haki na shibe kwa wote. Miungu iliingiwa na hofu. Vishnu akamjia kwa sura ya kijana mfupi, akaomba ardhi ya hatua tatu, na kwa hatua mbili akaimaliza dunia na mbingu. Kwa hatua ya tatu Mahabali alitoa kichwa chake. Aliruhusiwa kuwarudia watu wake mara moja kwa mwaka, na siku hiyo ndiyo Onam.

Mfalme huyo huyo hukumbukwa pia Maharashtra na Karnataka, siku ya pili ya Diwali, na wakulima huomba ufalme wake urudi. Mwandishi Jotirao Phule, katika karne ya 19, alimwona Bali kuwa mfalme wa wakulima na wa watu wa tabaka za chini walionyang'anywa kilicho chao, na wengi humfuata katika tafsiri hiyo. Nasi siku hiyo hiyo twaipokea kama mwaka wetu mpya wa Kigujarati, tukapeana mikono na peremende. Jambo la mtu aliyeshindwa kukumbukwa kwa mapenzi hivyo, katika dini ambayo miungu yake ndiyo iliyomshinda, lafaa kufikiriwa na kila asemaye kwamba sikukuu zetu ni hadithi za washindi tu.

Sasa tufike Gujarat na Kutch. Kutch haihesabu mwaka wake kama Gujarat. Kwa Mkachi mwaka huingia siku ya pili baada ya mwezi wa Ashadh kuandama, katika Juni au Julai, na siku hiyo huitwa Ashadhi Bij. Ni siku ya kuitazamia mvua, na katika nchi kavu kama ile, anayepata mvua amepata mwaka. Hata moto wa Holi wa mwezi Machi husomwa kwa jambo hilo: wazee huangalia moshi umeelekea wapi, wakaagua mvua itakavyokuwa.

Mwezi wa Shravan, ambao ni Agosti kwa kukisia, ndio mwezi uliojaa kuliko yote. Mwezi ukipevuka huwa ni Nariyeli Purnima, siku ambayo wavuvi na mabaharia wa pwani yote ya magharibi hutupa nazi baharini. Bahari iliyokuwa imefungwa na ukali wa mvua sasa inaombwa ifunguke. Siku chache baadaye huja siku ya ng'ombe na ndama wake, na kisha siku mbili za jiko. Siku ya sita wanawake hupika vyakula vya siku mbili, husafisha jiko na kulizima. Siku ya saba, Shitala Satam, moto hauwashwi mahali popote; jiko hupambwa na kuabudiwa, na watu wote hula kiporo. Shitala maana yake ni yule aliye baridi, naye ndiye mungu wa kike aliyeombwa awaepushe watoto na ndui. Ndui ilikwisha India mwaka 1975. Mgonjwa wa mwisho duniani aliyeipata kwa njia ya kawaida alipatikana upande wetu, mjini Merca, Somalia, Oktoba 1977. Aliitwa Ali Maow Maalin, alipona, na kazi yake ilikuwa mpishi wa hospitali. Maradhi yameondoka, sikukuu imebaki, na jiko angalau hupata siku moja ya kupumzika, pamoja na anayelitumikia.

Katika Septemba au Oktoba mvua huwa imeondoka. Siku tisa za Navratri wanawake huuzunguka mtungi wa udongo wenye matundu na taa ndani yake, mchezo ambao UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya urithi mwaka 2023 kwa jina la garba ya Gujarat. Vijijini hupandwa pia shayiri au ngano katika chungu kidogo cha udongo, nayo huchipua kwa siku zile tisa. Huelezwa kwamba zamani mbegu za msimu wa baridi zilipimwa hivyo kabla ya kumwagwa shambani.

Hatimaye Diwali. Mahali pengine mwaka huanza na masika ya kule, katika Machi au Aprili. Kwa Wagujarati huanza kesho ya Diwali, na sababu yake si ngumu kuiona: mavuno yameingia, njia zimekauka, bahari imetulia, na upepo wa kaskazi uko karibu kuvuma. Mfanyabiashara alizifunga hesabu za mwaka, akayaweka madaftari mapya mekundu mbele ya Lakshmi, kisha akapakia jahazi. Majahazi ya Mandvi na Porbandar yaling'oa nanga baada ya Diwali, yakafika Zanzibar na Mombasa kwa kaskazi, yakarejea kwa kusi.

Hapo ndipo tulipovukia. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, kutoka Mundra katika Kutch, ilikodi forodha ya Zanzibar kwa miaka mingi ya karne ya 19, na madaftari yake yalibarikiwa kila Diwali kama yalivyobarikiwa nyumbani. Katika kitabu kinachosomwa na jirani zetu si haki kuficha kwamba biashara iliyoandikwa katika madaftari ya zama zile ilikuwa ya karafuu, na ya pembe za ndovu, na ya watu pia. Mwaka 1860 balozi Rigby wa Uingereza aliwalazimisha Wahindi wa Zanzibar walio chini ya mamlaka yake kuwaacha huru watumwa waliowamiliki. Taa za Diwali ziliwaka na mwaka ule.

Na hapo ndipo tulipopoteza pia. Wengi waliotufuata baadaye, Wapatel na Waoshwal na Wakachi, walikuwa watu wa jembe. Walipofika Kenya walikuta milima yenye rutuba imetengwa kwa ajili ya Wazungu, kwa uamuzi uliothibitishwa na Lord Elgin mwaka 1908 na kurudiwa katika Waraka wa Devonshire wa 1923. Mtoto wa mkulima akawa mwenye duka, fundi wa mawe au karani. Sikukuu zilizofaa dukani na nyumbani zikaendelea: Diwali, Navratri, Janmashtami, rangi za Holi. Zile za shamba zikakosa pa kusimama. Ng'ombe hakuwapo, bahari ya Agosti ilipitwa na meli za mvuke bila ya kuombwa, na moshi wa Holi ulipanda bila mtu wa kuusoma. Ndiyo maana jirani akiulizwa leo sikukuu za Wahindu ni zipi, hutaja taa, rangi na ngoma ya duara. Amekosea wapi? Ametaja alichoonyeshwa. Na watoto wetu wangetaja hizo hizo.

Kule India kwenyewe shamba linazidi kuondoka ndani ya sikukuu. Serikali ya Nagaland ilianzisha tamasha la Hornbill mwaka 2000, ikayakusanya makabila yake uwanjani kwa siku kumi za Desemba. Ni zuri, na ni la watazamaji. Sehemu nyingine watu wamekataa. Mahakama Kuu ya nchi ilipopiga marufuku mwaka 2014 mchezo wa Watamil wa kumkamata fahali wakati wa Pongal, makundi ya vijana, wengi wao wa mjini na wasiofuga hata mbuzi, walikaa pwani ya Marina, Chennai, Januari 2017, mpaka sheria ya jimbo ikabadilishwa. Na Kerala, mafuriko ya Agosti 2018 yalipoizamisha sehemu kubwa ya jimbo, serikali ilifuta sherehe za Onam ili fedha ziende kwa waathirika. Mvua iliyoipanga sikukuu ndiyo iliyoizuia.

Katika pwani yetu Ashadhi Bij huangukia kipupwe. Masika yamekwisha, hewa ina ubaridi, na katika majuma yayo hayo watu wa Makunduchi, Unguja, huupokea mwaka wao wa Nairuzi, hesabu ambayo manahodha wa bahari hii waliitumia tangu kale kujua lini watweke tanga. Baadhi ya nyumba zetu za Kikachi bado hupika kitu kitamu siku hiyo na kupigiana simu za heri. Nyumba nyingi zaidi huipita bila ya kujua. Upepo wa kusi huwa unavuma kwa nguvu zake zote. Wakati huo, kule Mandvi, watu huwa wanaitazama mbingu ya kusini-magharibi, ambao ni upande tulipo sisi, kwa kuwa huko ndiko mawingu yao hutokea.